Maswali Yenu: Boti ya Kulala, Utajuaje Kama ni ya Kuaminika?

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi na karibu zote zinagusa kitu kimoja, zile safari za kuzamia ambazo unalala kwenye boti wiki nzima, wenyewe wanaziita livabodi. Naona watu wa Nairobi wamezichangamkia sana, unakuta mtu ameanza kozi kwa swimingi puli hapa mjini, akashuka Diani ama Watamu kumalizia, na kabla mwaka haujaisha anataka kulala baharini. Nimefurahi kweli, manake bahari si ya watalii peke yao. Nimechagua barua chache, zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo yenye uzito.

Bei imeshuka karibu nusu, tulipe?

*Dada mambo. Sisi ni chama ya marafiki wanne, tumekuwa tukichanga kila mwezi na sasa pesa imetosha twende Misri, Bahari ya Shamu, tulale kwa boti siku saba. Kuna mtu tumepata Instagram ametupea bei poa sana, imeshuka karibu nusu, picha za boti ni moto, juu kuna hadi jakuzi. Anataka tulipe yote wiki hii ndio nafasi zisiende. Tutajuaje kama huyu ni wa ukweli na boti ni salama?*
Msomaji, Kilimani

Ndugu yangu, kwanza msilipe wiki hii. Bei inaweza kuwa ya kweli kabisa, boti zikibakisha vitanda viwili vitatu karibu na siku ya kuondoka huwa zinashusha, hiyo ni kawaida. Lakini mtu anayewasukuma mlipe yote kabla hamjauliza chochote anawauzia mbuzi kwenye gunia, na kwa safari hii maswali ndiyo yanayowalinda. Jakuzi wekeni kando. Swali langu la kwanza kwa boti yoyote huwa ni hili: saa nane usiku, abiria wote wakiwa wamelala, nani yuko macho, na anazunguka wapi?

Nawaambia kwa nini. Septemba 2, 2019, boti ya wazamiaji inaitwa Conception ilishika moto usiku ikiwa imetia nanga karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California. Watu 34 walikufa, abiria 33 na mfanyakazi mmoja, walikuwa wamelala chini. Wachunguzi wa Marekani wakakuta hakukuwa na mtu wa zamu anayezunguka usiku, na zile njia mbili za kutoka chini zote zilikuwa zinatokea kwa ukumbi mmoja wa juu, na ukumbi huo ndio ulikuwa unawaka. Nahodha alihukumiwa miaka minne jela mwaka 2024. Na huko huko mnakotaka kwenda, Juni 2023 boti inaitwa Hurricane iliungua karibu na mwamba wa Elphinstone, Waingereza watatu wakafa, halafu Novemba 25, 2024 Sea Story ikapinduka kabla ya jua kutoka, ilikuwa imetoka bandari ya Port Ghalib siku moja tu kabla, watu 11 wakafa ama hawakuonekana tena, na kuna waliokwama ndani ya boti iliyopinduka wakatolewa wakiwa hai siku iliyofuata. Baada ya hapo hata wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza, MAIB, walitoa tahadhari kuhusu boti za huko.

Siwatishi. Watu wengi sana wanaenda Bahari ya Shamu kila mwaka na wanarudi salama, mimi nimeenda na nitaenda tena Mungu akipenda, hiyo bahari ni tamu. Nataka tu mjue kwamba mtu akiwaambia livabodi ni hatari kwa sababu ya papa, hajui anachosema. Kitu cha kuogopa ni boti yenyewe, wakati uko kitandani.

Kwa hivyo andikeni barua pepe, muulize kwa maandishi, mkae na majibu. Ulizeni jina la boti yenyewe, si jina la kampuni, manake kampuni nyingi zinauza nafasi kwa boti ambazo si zao, na boti nyingine zimebadilishwa majina, kwa hivyo ulizeni pia zamani iliitwaje halafu mtafute majina yote mawili. Ulizeni ilitengenezwa mwaka gani na kama imeongezewa ghorofa baadaye, kwa sababu ukiongeza uzito juu ya boti ambayo haikupimwa upya umeifanya iwe rahisi kulala ubavu. Misri kuna chama rasmi cha mambo haya, CDWS, ndicho kinachosajili kampuni za kuzamia, muombe namba ya usajili. Ulizeni kuna rafti ngapi za kuokolea, zinabeba watu wote ama nusu, na zilikaguliwa lini. Ulizeni betri zinachajiwa wapi, betri za tochi na kamera na simu, kwa sababu hizo betri za lithiamu zikiharibika zinawaka haraka sana, na boti iliyo makini haikubali uchaji kwa kabini usiku, ina mahali pamoja panapoonekana na mtu wa kupaangalia. Ulizeni kama kila kabini ina kile kidude cha kunusa moshi na kama kimoja kikilia vyote vinalia. Halafu ulizeni chumba cha chini kina njia mbili za kutokea, na hizo njia zinatokea mahali tofauti? Zinafunguka kutoka ndani bila ufunguo?

Angalieni sana vile wanajibu. Boti nzuri imeshaulizwa haya mara nyingi na itawajibu swali kwa swali, wengine hata wanawatumia ramani ya ndani na picha za milango ya dharura bila kuombwa. Ile ingine itawaambia tu "msijali marafiki, tuko salama kabisa" halafu inarudi kwa bei. Mkipata jibu la namna hiyo mara mbili, achaneni nao, hata kama ni nusu bei.

Na mkifika, kabla hamjafungua mabegi, shukeni chini mtafute ule mlango wa dharura kwa mikono yenu wenyewe. Kuna boti moja nilipanda Hurghada, kampuni yenyewe sitaitaja, kibao cha kijani kilikuwa kimebandikwa vizuri kwa ukuta, mshale unaelekeza juu kwa kifuniko cha mraba ambacho upana wake ni mabega yangu tu. Nikapanda vidato vya chuma nikasukuma, hakikusonga. Nikaweka bega, kikainuka labda vidole viwili, na kwa huo mwanya nikaona kamba ya samawati imekunjwa na kando yake ndoo ya rangi, yaani juu ya mlango wa kutokea pamegeuzwa stoo. Nikaenda kumuita nahodha, nikamuomba tu aje aone. Tulisimama hapo hadi mabaharia wakahamisha kila kitu, nikapanda tena nikakifungua mpaka mwisho nikatoa kichwa nje, na kila jioni kabla ya kulala nilirudi kukijaribu. Hakuna aliyenikasirikia. Na kama wangekataa, boti ilikuwa bado imefungwa gatini, ningeshuka.

Kabla haijang'oa nanga lazima wawape maelezo ya usalama, wawaonyeshe laifujaketi ziko wapi na mzivae kabisa, na mtembee njia ya kutoka. Wakisema mtafanya kesho, nyinyi wanne mseme hapana, leo.

Upande wa pesa, wekeni amana kwanza, si yote, na mlipe kwa kadi ya benki, kwa sababu mambo yakienda mrama kadi unaweza kuomba benki ifuatilie pesa irudi, lakini ukishatuma kwa akaunti ya mtu binafsi hiyo imeenda. Kama mnapitia ajenti wa hapa Nairobi, muangalie ana leseni ya TRA, ile mamlaka ya Kenya inayosimamia biashara za utalii. Halafu msiangalie bei ya juu tu. Wiki moja Bahari ya Shamu inaanzia kama dola 1,000 hivi na kupanda, lakini hapo mara nyingi hakuna kukodisha vifaa, hakuna ada za hifadhi ya bahari, wakati mwingine kuna nyongeza ya mafuta, na mwisho wa wiki kuna bakshishi ya mabaharia ambayo huko inahesabiwa karibu kama lazima. Muombe hesabu yote kwa karatasi moja. Ile ya nusu bei inaweza kuja kuwa sawa na zingine.

Nimezamia mara 14 tu

*Wenzangu wanataka njia ya Brothers na Daedalus huko Bahari ya Shamu kwa sababu ya papa. Mimi nina cheti cha kwanza, Open Water, na mbizi 14 kwa logi yangu, lile daftari la kuandika mbizi. Wanasema nijitoe tu uoga. Niende?*
Mgeni wa Bahari, Rongai

Hapana, usiende huko bado, na si uoga. Brothers ni visiwa viwili vidogo katikati ya bahari, kuna mnara wa taa uliojengwa na Waingereza 1883, na ukuta wa matumbawe unashuka chini mpaka huoni mwisho. Mkondo unaweza kukubeba, unaruka kutoka boti ya mpira, unashuka moja kwa moja, na ukiachana na kundi uko baharini hasa. Kwa hizo sehemu boti nyingi zinataka uwe na angalau mbizi 50 zilizoandikwa, na Open Water yako inakupa mita 18 tu wakati mambo mengi huko yako chini zaidi. Kampuni ikikuambia "leta tu, hatuangalii logi", hiyo ni sababu nyingine ya kuikimbia.

Waambie wenzako muende njia ya kaskazini, ile ya meli zilizozama. Kule kuna SS Thistlegorm, meli ya Waingereza iliyopigwa mabomu na ndege za Wajerumani Oktoba 1941, iko kwa mchanga kama mita 30 kwenda chini na ndani bado kuna pikipiki zimepangwa juu ya malori, unaona hadi mipini yake. Kuna pia mwamba wa Abu Nuhas wenye meli kadhaa, moja yao Carnatic ilizama 1869 na sasa imevaa matumbawe laini mwili mzima. Hata hapo fanya kwanza kozi inayofuata, Advanced, ya mita 30, manake Thistlegorm nayo ina mkondo wake.

Na hizo mbizi zitafute hapa kwetu. Kaskazi ikitulia, Desemba mpaka Machi hivi, maji ya Diani, Watamu na Kisite yanakuwa safi sana, na nje ya Mombasa kuna MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi, nzuri sana ya kujifunza meli. Ongea na kiongozi wa huko akuchagulie siku, bamvua mkondo unakuwa na nguvu na maji yanachafuka kwa sababu ya maji kupwa na kujaa sana, maji mafu ni rahisi zaidi, lakini ukishajiamini muombe akupeleke siku yenye mkondo kidogo ujue mwili wako unafanyaje. Jifunze kupandisha lile boya refu la rangi ya chungwa ukiwa chini, kwa mita tano, bila kupanda nalo. Fanya hivyo mpaka mikono ijue yenyewe. Boya hilo ndilo litakaloifanya boti ikuone, na lazima uwe na lako mfukoni, si la kuazima.

Nitroksi ni ya lazima ama ni kutoa watu pesa?

*Naona boti zingine zinatoza ziada kwa nitroksi. Iko na maana?*
Msomaji, Ngara

Iko na maana, na kwa boti ya kulala hasa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, nitroksi inayotumika sana ina 32, kwa hivyo naitrojeni inayoingia mwilini ni kidogo. Ukizamia mara moja hutaona tofauti kubwa, lakini hapo unapiga mbizi tatu ama nne kila siku kwa siku sita, na naitrojeni inajumlika. Mpaka wake ni kina, kwa 32 usipite mita 33 hivi, na lazima uwe na cheti chake, kozi yenyewe ni ya siku moja tu, ifanye hapa kabla hujaondoka.

Mtungi wako ni wewe unaupima, si mtu mwingine. Unaweka kipimo kwa valvu, unafungua kidogo, unangoja namba itulie, tuseme 31.8, unaandika kwa tepu pamoja na kina chako cha mwisho, unabandika shingoni mwa mtungi na unatia sahihi kwa kitabu. Kama boti inakuambia "yote ni 32, usisumbuke", wewe sumbuka. Na mkiwa hapo muangalie pia bomba la kuvutia hewa la kompresa liko wapi, kama liko karibu na moshi wa injini, mtaupumua huo moshi chini ya maji.

Treni ya usiku baada ya kuzamia

*Hii labda si swali la livabodi, lakini huwa nazamia Diani Jumapili asubuhi halafu napanda treni ya usiku kurudi Nairobi niwahi kazi. Sipandi ndege kwa hivyo ile sheria ya kungoja hainihusu, ama?*
Mfanyakazi, South B

Inakuhusu, na ningependa kila mzamiaji wa Nairobi asome hapa polepole. Unapozamia, naitrojeni inayeyuka ndani ya mwili, na ukipanda juu ambako hewa ni nyepesi inaweza kutoka haraka ikafanya mapovu kwa viungo, kwa ngozi, hata kwa uti wa mgongo. Mwili haujui kama uko kwa ndege ama kwa SGR, unajua tu hewa imepungua. Ndani ya ndege hewa inabanwa iwe kama uko mita 1,800 mpaka 2,400 juu ya usawa wa bahari. Sasa Nairobi iko karibu mita 1,700. Yaani kurudi nyumbani tu ni karibu sawa na kupanda ndege, na kama unakaa Limuru umepita mita 2,000.

Mwongozo wa DAN, hao watu wa usalama wa wazamiaji, ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 kama umezamia mara nyingi ama siku kadhaa mfululizo, na zaidi ya hapo kama mbizi yako ilikuwa ya kusimama njiani kwa lazima ukipanda. Na mwongozo huo unaanzia mita 600 hivi, si mita za ndege tu. Treni yako ikifika Voi tayari iko karibu na hapo, halafu inaendelea kupanda usiku kucha wewe umelala. Mimi huwa nachukua saa 24 nzima, ni rahisi kukumbuka. Kwa hivyo mbizi ya mwisho iwe Jumamosi asubuhi, Jumapili ule samaki, uogelee juu juu, upande treni ya mchana ama usiku bila wasiwasi.

Kwa livabodi ni hivyo hivyo. Boti nzuri inapanga yenyewe, siku ya mwisho mbizi zinaisha kabla ya mchana, boti inarudi bandarini mnalala hapo, kesho yake ndio uwanja wa ndege. Ukikuta ratiba ina mbizi siku ile ile ya kuondoka, ama umenunua tiketi ya usiku huo kwa sababu ni rahisi, badilisha. Na ukianza kusikia maumivu kwa kiungo, ganzi, vipele ama uchovu usioeleweka baada ya safari, usijiambie ni baridi ya Nairobi, piga simu ya dharura ya bima yako ya kuzamia na uombe oksijeni.

Misri ama Maldivi?

*Fupi tu: kwa Mkenya, gani ni rahisi?*
Wawili wa Umoja

Kwa viza, Maldivi, unagongewa siku 30 ukifika bila malipo, ila unajaza fomu yao ya IMUGA kwa mtandao ndani ya saa 96 kabla ya kufika. Misri ulizeni ubalozi wao hapa Nairobi kabla hamjalipa tiketi. Kwa ndege Misri ndiyo rahisi, Cairo ni moja kwa moja halafu ndege fupi mpaka Hurghada, Maldivi lazima mbadilishe mahali. Kwa pesa Misri pia ni nafuu. Kwa kuzamia ni mambo tofauti, Misri ni meli na kuta, Maldivi ni mikondo ya kati ya visiwa, samaki wakubwa wanaoitwa taa na papa shilingi, na sheria yao ni mita 30 mwisho. Huko pia mitungi na kompresa mara nyingi vinakaa kwa dhoni, boti ya pembeni, kwa hivyo boti ya kulala inakuwa kimya na safi.

Kote kuwili msisahau kadi ya manjano. Kenya iko kwa orodha ya nchi zenye homa ya manjano, bila hiyo kadi mnaweza kurudishwa uwanjani. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, na tangu 2016 kadi ni ya maisha, ile ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado ni halali.

Kichefuchefu

*Mimi hata feri ya Likoni inanichafua roho. Nisahau hii kitu?*
Msomaji, Kayole

Usisahau. Chemisti za hapa zinauza dawa kama Stugeron, lakini muulize daktari kwanza na uijaribu siku moja ukiwa nyumbani, manake ikikulegeza na usingizi hutaki kuligundua hilo ukiwa mita 25 chini. Anza kuitumia kabla boti haijaondoka, ukishaanza kutapika umechelewa. Chagua kabini ya katikati, mbele ndiko kunakorushwa sana. Na chagua njia ambayo haina kuvuka bahari kuu usiku, ile ya kaskazini Misri inafaa.

Kijana wangu analala baharini

*Mimi si mzamiaji, sijui hata kuogelea. Kijana wangu wa kwanza ameniambia anaenda kulala kwa boti wiki nzima huko Misri, wakati mwingine hakuna mtandao. Sijalala vizuri tangu aniambie. Nimkataze?*
Mama, Lang'ata

Mama, shikamoo. Usimkataze, lakini una haki ya kuuliza, na akiwa mzamiaji makini atakujibu bila kukasirika. Mwambie akuachie kwa karatasi jina la boti, namba ya simu ya ofisi yao ya nchi kavu, inatoka bandari gani na inarudi siku gani. Boti nyingi zina kifaa cha AIS kinachoonyesha ziko wapi, unaweza kuziona kwa simu kwenye tovuti ya MarineTraffic zikiwa karibu na pwani, ila zikienda mbali zinaweza kupotea kwa ramani siku nzima na hiyo haimaanishi kuna jambo. Muulize kama boti ina simu ya setelaiti. Muulize ana bima ya kuzamia, si bima ya kawaida ya safari, DAN wana moja ambayo inalipia matibabu ya yale mapovu mwilini kwa chemba ya presha na kumsafirisha mpaka hapo, hayo matibabu ni ghali mno na bima nyingi za kawaida hazigusi. Namba ya hiyo bima na simu yao ya dharura nayo ikae kwako.

Na kuna moja ambalo wewe unaweza kulijua kuliko yeye. Kabla ya kupanda boti atapewa fomu ya afya, inauliza kuhusu pumu, kifafa, moyo, masikio, upasuaji wa kifua. Kama alikuwa na pumu akiwa mdogo, ama alikuwa anaumwa masikio kila mara, yeye anaweza kuwa amesahau, wewe hujasahau. Mkumbushe mapema aende kwa daktari hapa Nairobi apimwe na apewe barua. Akiandika "ndiyo" akiwa gatini bila barua wanaweza kumkatalia kuzamia wiki nzima, na akiandika "hapana" ya uongo mapafu yake ndiyo yatakayolipa. Fomu yenyewe iko kwa mtandao, kaeni chini pamoja mwijaze mstari kwa mstari.